Mrejesho: ule mchuchumio wa sentimita 15

Wapendwa, ni mimi niliyeuliza kama nitauweza mchuchumio wa sentimita 15 kwenye harusi ya mdogo wangu hapa Tanga. Wengi mlisema nitafute wenye soli nene mbele. Nimezunguka mitumba ya Ngamiani siku mbili nikaupata: mwekundu, una mkanda wa kifundoni, soli ya mbele sentimita 4, kwa hiyo mguu unapanda 11 tu. Vidole vinashukuru! Kisigino kimoja kilikuwa kinacheza, fundi akakipiga msumari na kukibandika raba mpya. Wiki nzima nikawa najifunza kutembea koridoni, shangazi akiniita twiga. Ukumbini nilicheza mpaka keki ikakatwa. Nje sasa, kwenye mchanga, visigino vikazama mpaka mwisho. Nikarudi nyumbani na kandambili za shangazi huyohuyo.