Mrejesho: mkopo wa mtaji wa nyanya

Wadau, salaam. Mtakumbuka niliuliza kama nichukue kausha damu (ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa) niongeze mtaji wa nyanya pale Soko la Ilala, au nisubiri mkopo wa halmashauri. Wengi mlisema nikimbie kausha damu. Nikakimbia.

Tuliunda kikundi cha akina mama, tukasajiliwa, tukapata mkopo kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu). Hauna riba, na hilo si dogo kwa mtu aliyezoea kudaiwa rejesho hata siku mzigo umeoza.

Zamani nilikuwa nagawana tenga na mwenzangu, faida yote inaishia kwenye nauli na ushuru. Sasa nachukua tenga zima la nyanya za Ilula, kule Iringa, nachambua mwenyewe: ngumu zinasubiri kesho, zilizoiva zinawahi kwa mama lishe asubuhi hiyohiyo, zilizopondeka napanga mafungu ya bei ya chini. Hela ipo kwenye kuchambua, jamani!

Usumbufu upo. Makaratasi mengi, na mwenzetu mmoja analegalega kwenye marejesho, inabidi tumbebe. Aliyeniuliza kuhusu kuongeza vitunguu: bado, namaliza deni kwanza.