Ukoo wa Chumbageni: siku ya tisa bila plastiki

Nasra: Shikamooni wote. Leo siku ya tisa ya mashindano yetu ya kuishi bila plastiki. Kila nyumba itume picha ya ndoo ya taka. Na asipige mtu picha ya ndoo ya jirani kama Mjomba juzi.

Mjomba: Marahaba. Taka zilikuwa zangu bwana, nyie mnaangalia ndoo.

Mama Faraji: Mimi situmi. Ndani mna pampasi sita, mtanisimanga.

Mama Mkubwa (Unguja): Nani akusimange na mtoto wa miezi minne? Mchana mfunge nepi za kitambaa, usiku mvishe pampasi upate kulala. Mimi nimelea watatu kwa nepi za kitambaa, na usingizi wa miaka ile sijaulipa mpaka leo.

Baba Nasra: Mimi naomba kueleweshwa. Mifuko si ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019? Ukikutwa nao faini 30,000. Sokoni naenda na mfuko mbadala wangu, sasa nimekosea wapi?

Mama Mkubwa (Unguja): Shemeji, huku kwetu ilikatazwa tangu 2006, bara mmetufuata nyuma. Nenda ufukweni mvua ikishanyesha, uone kama imekwisha.

Nasra: Halafu Baba, huo mfuko mbadala nao ni plastiki.

Baba Nasra: Kile ni kitambaa.

Nasra: Kinafanana tu. Ni polipropilini. Nyuzi zake hazikufumwa, zimebanwa kwa joto zikashikana.

Baba Nasra: Haya, mwalimu.

Nasra: Bibi niko naye hapa, naandika anavyosema: "Mtoto anasema kweli. Juzi niliuacha wangu wa kijani pembeni ya jiko la mkaa nikaenda kuswali. Narudi, upande mmoja umenywea, unachuruzika kama mshumaa, na mkono wake umegandana na kifuniko cha sufuria. Kingekuwa kitambaa kingeungua kikawa majivu. Kifuniko nakikwangua kwa kisu mpaka leo hakijatakata."

Baba Nasra: Pole mama. Nimekubali.

Mama Faraji: Mmetaja jiko. Dada hapa ananiuliza moto atawashia nini, maana kazoea kuwashia nailoni.

Nasra: Bibi: "Mwambie aanike maganda ya machungwa juu ya bati. Machungwa ya Muheza yanapita mlangoni kila siku, maganda mnatupa! Likikauka linawaka kama limetiwa mafuta. Au makumbi ya nazi. Moshi wa nailoni mnauvuta nyie na mtoto, na chai inanuka."

Mama Nasra: Sasa sikilizeni yangu ya leo. Nimekwenda soko la samaki la Deep Sea na kikapu cha ukindu cha mama. Nimenunua changu wawili na vibua vya elfu tatu. Mchuuzi kawatia kwenye ule mfuko laini unaoonyesha ndani, kisha mfuko kautia kwenye kikapu. Nikamwambia toa. Akasema, "Mama, kikapu kitanuka." Nikamwambia toa, nyumbani tuna mashindano. Katoa. Nimepanda daladala, kikapu nimekipakata. Hatujafika mbali nasikia mzee wa pembeni anasema astaghfirullah. Naangalia, maji ya samaki yamemwagikia kanzu yake nyeupe, kuanzia gotini. Nimeomba radhi mpaka ulimi umekauka, nikashuka kabla ya kituo changu nikatembea.

Mjomba: 😂😂😂 Dada!

Mama Mkubwa (Unguja): Nani kakutuma kubebea samaki kikapu cha ukindu? Samaki ni pakacha, ukalibeba mkononi kwa miguu. Wa daladala mtie kwenye sufuria yenye mfuniko.

Mama Nasra: Kesho nakwenda na sufuria. Mchuuzi atasema nimekuja kupikia hukohuko.

Mjomba: Mimi nimefaulu upande wa mafuta ya kupima. Nimempelekea Mangi wa dukani chupa ya kioo, kanijazia kwa kikombe kilekile. Kile kifuko kilikuwa kinabaki na mafuta yameng'ang'ania kwenye pembe, nakikamua kama chunusi. Chupa naiinamisha tu, inatona yote.

Nasra: Safi sana Mjomba. Na mimi nimeamua, ndoo za jikoni kwa Bibi nazitoa zote nne, tununue za bati.

Nasra: Bibi kaninyang'anya simu jamani

Nasra: NI MIMI BIBI. NDOO ZANGU ZISIGUSWE. NYEKUNDU NIMEINUNUA MWAKA ALIOZALIWA NASRA ANA MIAKA 22 SASA. MPINI ULIKATIKA NIKAFUNGA KAMBA YA KATANI. MFUKO UNATUMIKA KUTOKA DUKANI MPAKA MLANGONI BASI UNATUPWA. NDOO IMEWAOGESHA NYOTE HUMU. NA HIYO NYEKUNDU SIIONI TANGU JUMAPILI. NASRA UMESHAITOA?

Nasra: Simu nimerudishiwa. Wallahi sijaigusa, nilikuwa bado napanga tu.

Baba Nasra: Hapo nipo na mama. Ukiitupa ndoo nzima umeongeza taka.

Nasra: Sawa, ndoo zinabaki. Mjomba, picha ya taka bado wewe tu.

Mjomba: 📷 Hiyo hapo. Maganda ya ndizi na majivu, hakuna hata kifuko kimoja. Nipeni ushindi wangu.

Mama Nasra: Hongera kaka!

Nasra: Bibi anauliza, hiyo ndoo ni rangi gani?

Mjomba: Kwani tunaangalia ndoo au taka?

Nasra: Nimeivuta picha. Mpini una kamba ya katani.

Mama Faraji: 🙈

Nasra: Bibi anasema iwe imefika kabla ya magharibi, na iwe imeoshwa.