Naomba ushauri: baraza ya nyumba yetu Mji Mkongwe iko hatarini kuvunjwa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumba aliyotuachia marehemu baba yetu ipo Mji Mkongwe, Unguja, eneo lililoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sasa baadhi ya warithi wenzangu wanakaribia kukubaliana na mwekezaji aigeuze hoteli. Kuikodisha sipingi, kwani paa linavuja na boriti zimeoza. Kinachoniumiza ni baraza ya nje, yaani kile kikalio cha mawe kilichojengwa kando ya ukuta, ambayo mwekezaji anataka kuivunja ili apanue mlango. Juu ya baraza hiyo, ambayo chokaa yake imeng'aa kwa kukaliwa, wazee hucheza bao baada ya sala ya Alasiri, muuza kahawa huweka dele lake pembeni, na mvua ya masika inapojaza kichochoro, watoto hupita juu yake kwenda chuoni kusoma Qur'ani.

Je, nianze kwa sheha, au niende moja kwa moja kwenye mamlaka inayosimamia uhifadhi wa Mji Mkongwe? Na mrithi mmoja anaweza kuzuia jambo hili kabla mkataba haujasainiwa, bila kufikishana mahakamani? Mama yetu yu hai, na sitaki ashuhudie wanawe wakishtakiana.