Mandara hadi Horombo: mbona siku ya pili inaogopwa?

Mguu_Mbele:
Wakuu salaam. Mwezi ujao tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku sita. Nimeangalia ramani: Mandara, kituo cha kulala siku ya kwanza, ni mita 2,720, Horombo cha siku ya pili 3,720, kilomita kama 11 hivi. Yaani kupanda mita elfu moja tu kwa siku nzima, na mazoezini nimezidisha hapo. Lakini kila ninayemuuliza ananiambia hiyo siku nisiidharau. Kuna nini pale? Na koti la mvua nibebe mwenyewe au nimpe mpagazi?

Mpagazi Mstaafu:
Mkuu, nimebeba mizigo njia hiyo miaka sita. La koti kwanza: libebe mwenyewe. Mpagazi atakupita asubuhi mapema, mtaonana Horombo. Mvua ikikukuta katikati na koti liko kichwani kwake, shauri yako.

Sasa hiyo elfu moja. Ramani imekupa tofauti ya vituo viwili, makorongo haikuyahesabu. Ukitoka Mandara msitu unakwisha mapema, unaingia kwenye vichaka vya erika na nyasi, macho yanafika mbali. Mtego uko hapo. Unaona mgongo wa kilima, unajisemea nikifika pale nimemaliza, unakaza mwendo. Ukifika, njia inashuka korongoni, kuna kijito, unapanda tena, na mbele kuna mgongo mwingine vilevile. Mita ulizozitolea jasho umeshazirudisha.

Asubuhi jua kali, watu wanabaki na fulana. Mchana ukungu unapanda kutoka chini, ghafla humwoni hata aliye mbele yako. Kuna kaka mmoja alikuwa anakimbizana na wenzake, fulana imelowa chapachapa. Ukungu ulipotukuta vidole vyake vikafa ganzi, zipu ya koti ikamshinda. Nikamfungia kama mtoto wa chekechea, na kidevu kakiinua mwenyewe! Mwendo wako uwe wa kupiga stori. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Karibu na Horombo utaiona miti ya senesio. Majani yake yakikauka hayadondoki, yanakumbatia shina na kulikinga na baridi ya usiku. Ina akili kuliko yule kaka.

Kichuguu:
Naongezea vumbi. Mimi nilipita kiangazi, mwaka mmoja baada ya ule moto wa Oktoba 2020. Erika zilibaki vijiti vyeusi, kivuli hakuna. Beba kitambaa cha pua na kofia pana. Halafu Marangu unashukia njia ileile, kwa hiyo hivyo vilima mtaonana tena, na safari hiyo magoti yameshachoka.

Mguu_Mbele:
Asanteni. Kumbe hata kushuka kuna kupanda! Siku ya tatu tunalala Horombo tena, nilipanga kulala mchana kutwa.

Mpagazi Mstaafu:
Thubutu. Mtapelekwa kwenye miamba ya pundamilia, yaani miamba yenye mistari kama ya mnyama huyo, kama mita 4,000, mwili uizoee hewa, kisha mnarudi kulala chini. Usibaki kitandani. Na soksi za jana zianike asubuhi, kabla ukungu haujafika.