Skii Dolomites: njia zipi zinamfaa mtu wa kiwango cha kati?

Shem_wa_Munich: Wakuu habari zenu. Mwezi wa pili naenda na shemeji yangu kuteleza kwa skii kwenye theluji ya milima ya Dolomites kule Italia, sote njia za bluu (rahisi) tunashuka vizuri ila nyekundu (za kati) zinatutia wasiwasi hasa zikiwa na barafu. Sella Ronda tutaiweza kweli?

BabaTheluji: Mtaiweza mkuu. Ni kuuzunguka mlima wa Sella kwa lifti za kupandisha watu mlimani na kushuka kwa skii, kama kilomita 40 hivi kwa jumla, unapita mapito ya milimani ya Gardena, Sella, Pordoi na Campolongo na sehemu kubwa ni bluu na nyekundu, nyeusi (ngumu kabisa) si lazima. Alama za chungwa zinafuata mwelekeo wa saa, kijani kinyume chake, mimi nawashauri kijani. Ila tokeni asubuhi mapema jamani!! lifti zikifungwa mko bonde jingine kurudi ni teksi na barabara ya milimani inazunguka sana.

Mama Zuhura: Nakazia hapo kwa asubuhi. Na msianze nayo siku ya kwanza, anzieni eneo la Alta Badia, upande wa vijiji vya Corvara na San Cassiano kuna bluu pana tamu sana. Kijiji cha Arabba ndo kuna miteremko mikali. Kijiji cha La Villa mkiona njia ya Gran Risa iacheni, ni nyeusi ya mashindano ya Kombe la Dunia.

Shem_wa_Munich: Asante sana dada, basi tunatafuta chumba Corvara.