Panya wamezaa kwenye pawatila, mnahifadhije zenu?

Mkulima wa Mbarali: Wakuu, habari. Pawatila yangu, hili trekta dogo la kuongoza kwa mikono, ilikaa stoo tangu tuvune mpunga mwezi wa 6. Jana naiwasha, moshi mweusi, nguvu hamna. Kufungua chujio la hewa: pumba, nyuzi za kiroba, na vitoto vitano vya panya, vyekundu, havijafumbua macho. Waya wa taa wameutafuna hadi shaba inaonekana. Imeniuma sana, ndiyo inayosomesha wanangu.

Fundi dizeli: Pole mkuu. Usiiwashe tena kabla hujasafisha njia yote ya hewa. Uchafu ukivutwa ndani unakwangua silinda. Ukishamaliza, ziba mdomo wa chujio na ekzosi kwa stilwaya, ile ya kusugulia masufuria. Funga kitambaa chekundu kwenye mikono ya pawatila, usije ukasahau kuitoa siku ya kuwasha.

Mama Shamba: Stoo hiyo hiyo unaweka na mpunga?

Mkulima wa Mbarali: Ndiyo dada, magunia 14, yameegemea tairi kabisa.

Mama Shamba: Basi hamisha magunia kwanza, hata leo. Na kinyesi chao usikifagie kikavu, kinaleta maradhi. Kiloweshe kwa maji yenye jiki, ndipo ufute.

Mkulima wa Mbarali: Ahsanteni. Vijana wameshaanza kubeba.