Chanjo ya kitoto cha mbwa: kliniki, daktari aje nyumbani, duka la dawa za mifugo, au nisubiri ya bure?

SimbaWaKimara
Wakuu, habari za jioni. Jumapili shemeji kaniletea kitoto cha mbwa, jike. Mama wa kienyeji, baba Jamani shepadi (ndivyo nilivyoambiwa, masikio bado yanabisha). Ana wiki saba, kadi hana. Njia nilizopata ndizo hizo nne hapo juu. Kati ya zinazolipiwa, kununua dukani na kuchoma mwenyewe ndiyo nafuu. Nyie mngefanyaje?

MamaChui_Moro
Unafuu wa duka naujua, umenitoa mbwa wawili. Nilinunua vichupa, nikavitia kwenye pochi, nikapanda daladala. Foleni, jua la saa saba. Nafika nyumbani, vuguvugu. Nikachoma hivyo hivyo. Chanjo inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 toka kiwandani mpaka siku ya sindano. Ikipigwa na joto, unachoma maji tu. Na hapo najua safari yangu mimi, sijui friji ya dukani ilikatikiwa umeme mara ngapi. Wiki ya tatu pavo ikaingia, kirusi cha matumbo ya mbwa. Kutapika, kuhara damu, harufu ile ukishaisikia huisahau. Siku nne, wote chini. Hela ya dripu ingelipa kliniki na chenji ikabaki.

Mtabibu_Mtarajiwa
Pole mama. Naongeza kosa jingine ambalo hata wa kliniki wanalifanya: kuchanja mara moja na kutulia. Chanjo ya mseto (distempa, yaani kirusi cha mapafu na mishipa ya fahamu, pavo, homa ya ini) inaanza wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho isiwe kabla ya wiki ya 16. Sababu ni dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Kinga aliyoinyonya kwa mama yake inaizima chanjo, na inaisha kwa kila mtoto kwa wakati wake. Huwezi kumtazama ukajua. Kwa hiyo unarudia mpaka uwe na uhakika imeshaisha.

Kichaa cha mbwa ni sindano nyingine, wiki ya 12, kisha baada ya mwaka. Dozi haigawanywi ati kwa sababu mbwa ni mdogo. Na kama anaharisha au ana homa, subiri apone kwanza.

Chalii_Ngarenaro
Mimi nyumbani, kila mara. Pavo inakaa kwenye udongo miezi mingi, na kliniki ndiko wanakoletwa wagonjwa. Ukilazimika kwenda, mbebe, asikanyage chini hata nje ya mlango. Gharama ya daktari kuja tuligawana nyumba tatu za jirani.

KoroshoMasasi
Mnaongea hivyo kwa sababu mko mjini. Huku kwetu kliniki ni safari ya siku nzima. Tunachofanya, tunajikusanya wenye mbwa, afisa mifugo wa kata anaagiza kwa pamoja na kuja na boksi la barafu. Anachoma yeye. Usimkimbilie wa dukani kabla hujamuuliza wa kata.

BintiTanga
Ya bure mpeleke, ila usiisubiri! Kampeni nyingi huja karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, na huwa ni ya kichaa peke yake. Watu wanarudi na cheti wakidhani mbwa amemaliza chanjo zote, kumbe pavo hajakingwa hata tone. Hata hivyo msiidharau: zikichanjwa asilimia 70 za mbwa wa eneo, kichaa kinakosa pa kupita, na kinachowaua watu ni kichaa, siyo pavo.

SimbaWaKimara
Nimewasoma wote. Duka nimeliacha. Nimeongea na jirani mwenye mbwa wawili, daktari anakuja Jumamosi. Dawa ya minyoo nayo sijampa, nitamuuliza hapo hapo.

MamaChui_Moro
Mwambie afungue boksi mbele yako uone barafu. Soma tarehe ya mwisho kwenye kichupa, kibandiko chake kikae kwenye kadi, na tarehe ya kurudia aiandike kabla hajaondoka. Umempa jina gani?

SimbaWaKimara
Watoto wanamwita Pilipili. Kashakula ndala mbili.